Chuma na Ugwe

Dada yangu Nermin hainami.
Kamba ya kiatu ikifunguka kwenye ngazi za Karataş
husimama wima, mkono ukutani, akasubiri
mmoja wetu apige goti amfungie.

Mwaka sabini na tisa, Ankara, theluji dirishani,
walimpasua toka mabegani hadi kiunoni,
wakatia ndoano juu, ndoano chini,
na ufito wa chuma katikati, wakaukaza
jino kwa jino, kama jeki ya lori,
mpaka uti ukatii.
Wakachota mfupa nyongani, wakaupanda mgongoni:
pingili kumi na moja zikawa mfupa mmoja.
Kisha plasta, kidevu hadi nyonga, miezi tisa.
Nilikuwa na miaka minne. Niliigonga kama mlango.
Mama alimkuna kwa sindano ya kufumia.
"Miezi tisa," husema Nermin, "nikajizaa mwenyewe."

Leo, Izmir, zamu ni ya binti yangu, Defne,
miaka kumi na miwili, bado anarefuka.
Daktari Tunçay anauzungusha ugwe mweupe kidoleni
kama tambi iliyoiva.
Ataingilia ubavuni, pafu moja likipumzishwa,
skrubu upande uliotuna, ugwe uziunganishe,
uvutwe kidogo. Kidogo tu.
"Kinachobaki atakifanya mwenyewe, kwa kukua."

Samaki mkunje angali mbichi, nikawaza,
na aibu ikanishika:
aliyekunjuliwa kwa nguvu ameketi kando yangu,
mgongo haugusi kiti.

Ni yeye aliyeuliza.
"Ukikatika?"

Daktari hakumung'unya maneno.
"Huenda ukakatika. Huenda tukarudia,
kwa vyuma vya siku hizi, skrubu pingili kwa pingili,
na kesho yake mtoto anatembea, hakuna plasta.
Chuma chako, bibi, tumekijua kwa uzee wake.
Huu ugwe haujazeeka na mtu yeyote."

Nermin akacheka, cheko fupi la puani.
"Chuma changu nacho hakikuwa kimezeeka na mtu."

Nje, kwenye ngazi, kiatu kikafunguka tena.
Defne akainama kabla sijawahi,
na ubavu wake wa kulia ukainuka chini ya sweta,
kilima kidogo, kila pumzi kinapanda.
Nermin akaweka kiganja juu yake, akakiacha pale.

"Funga mafundo mawili," akamwambia.
"La kwanza huniangusha."