Daftari la Ndege ya Angani

Newquay. Mvua ya Januari inapiga bati la banda.
Loveday, mhasibu, anahesabu tena:
kilo moja ya mzigo, kilo ishirini za mafuta,
abiria watatu waliolipa arubuni,
mmoja wao keshadai arudishiwe.

Wahenga walisema mali bila daftari
huisha bila habari.
Hii ina daftari;
inaisha na habari zake zote, mstari kwa mstari.

Fundi Jory hasikii. Amepanda ngazi,
anapangusa vigae vya tumboni kwa shati kuukuu,
kimoja kimoja, kama anayeogesha mtoto mwenye homa.

"Ikitua salama," anasema, "kesho yake itapaa tena."
"Kwa mafuta ya nani?"

Kimya.
Loveday anafungua ukurasa mpya,
anaandika: shati kuukuu, moja.
Thamani anaiacha wazi.