Futi Shingoni

Wete, Jadida, dukani, cherehani inalia,
Faki akaja jioni, kifungo kimemwachia,
Ushungi wangu kichwani, “Vuta mbele!” kanambia.
Futi i shingoni mwangu, mbona mwanipima nyie?

Redio yangu si kheri, ati yaleta shetani,
Unguja hiyo safari, ruhusa katoa nani?
Nami kimya, sina shari, sindano imo menoni.
Futi i shingoni mwangu, mbona mwanipima nyie?

Kesho yake kaja Raya, ana fomu za mradi,
“Vua huo, sio haya, ni minyororo ya jadi!”
Kapiga picha vibaya, hakubisha hata hodi.
Futi i shingoni mwangu, mbona mwanipima nyie?

Waniuliza sokoni: yupi zaidi hatari?
Yule kamba ya katani, au huyu ya hariri?
Faki alala jirani; kesho Raya asafiri.
Futi i shingoni mwangu, mbona mwanipima nyie?

Kifungo nimekishona, fomu yafuta mafuta.
Ushungi wa kesho, bwana, kichwani? Ama ukuta?
Sijaamua; na pana mteja anayeita.
Futi i shingoni mwangu: kwanza niwapime nyie.