Herufi ya Kwanza

Sanduku la Mbokomu lilituma INA 41.
Si KINA. INA,
kama mtoto aliyeng'oka jino la mbele.

Nilikuwa Moshi mjini, chumba cha nyuma juu ya duka la mabati,
chai imeshika utando.
Nikalaumu waya, nikalaumu panya.
Elirehema akapanda na pikipiki hadi mfongoni,
akanitumia picha: waya mzima, sola imefutwa vumbi,
mjusi juu ya kioo anaota jua lisilo na bili.
"Dada Ndeshi," akaandika, "huku hakuna mwenye kosa."

Basi kosa likabaki kwangu.
Kiendeshi nilikiandika mimi, mstari kwa mstari:
lango la serio likikaa kimya sekunde mbili,
kiini cha mfumo kilizimie saa yake, kilikatie umeme, lilale.
Betri ni ndogo kama kipande cha sabuni,
na Julai ukungu hushuka Mbokomu
ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga.
Nilijisifu: miliampia nne tu, usiku kucha!
Sikuuliza nani atalipia kuamka.

Maana kuamka kuna bei.
Kipimo kinatamka K, na K ndiyo inayomgutusha mlinzi;
mlinzi anapapasa viatu, anawasha saa,
akija kutega sikio anakuta INA.
K imefia kizingitini.

Mama yangu yuko hivyo tangu presha impate.
Husinzia kwenye kochi, kitenge miguuni,
redio ikinong'ona bei ya kahawa.
Ukimwambia, "Mama, Anaeli amepata kazi,"
hushtuka: "Kazi? Kazi gani tena, nimechoka!"
Anaeli mzima amepotea njiani.
Mdogo wangu alilitatua zamani, bila shahada:
ita "Mama." Ngoja "Ee?"
Ndipo umwage habari.

Sisi tuliofundishwa hodi kabla ya kujua kuhesabu,
tunaosimama nje ya mlango ulio wazi
mpaka mtu aseme karibu,
nilisahauje kuifundisha mashine?

Nikakifundisha kipimo kubisha:
baiti moja tupu, haina kina wala tarehe,
kisha milisekunde ishirini za adabu.
Na ndani ya kiendeshi: kabla hujagusa rejista,
ongeza hesabu ya wanaolihitaji lango;
ukitoka, punguza.
Ikifika sifuri, na kimya kikatosha, lilale.

KINA 41. KINA 40.
Siku nne za raha.
Ya tano, hakuna kitu. Betri imekauka.

Nikakesha. Mstari wa mia mbili na kumi na mbili:
kanjia kadogo ka makosa. Namba ikija imechafuka
nilitoka mbio bila kupunguza.
Moja ikabaki moja. Lango likakodoa macho mchana na usiku
likimngojea mtu aliyekwisha kuondoka.

Elirehema hakucheka. Akanisimulia wa huko juu kwao
aliyefungua mfongo usiku wa zamu yake,
akaitwa msibani, akasahau;
asubuhi migomba ya jirani imesimama majini hadi magotini.
Alitozwa mbege debe zima, na maneno.
"Afunguaye ndiye afunge," akasema,
"hata akitokea mlango wa msiba."
Nikaongeza mstari mmoja.
Usiku kucha, mstari mmoja.

Jana nilifika nyumbani Soweto saa tano.
Mama kochini, redio imebaki na mkwaruzo.
Simu ikatetemeka mfukoni: KINA 38,
herufi zote.
Nikaita, "Mama."
Nikangoja, kupita milisekunde ishirini.
"Ee?"
Sikuwa na habari yoyote.
"Hakuna, Mama. Lala."
Nikazima redio.