Utepe wa Rangi Tatu

Alhamisi, kabla jua halijateremka hadi chini ya ngazi za Cimpunda,
natundika mizani kwenye boriti ya baraza kwa Mama Nankafu:
ndoano, kaptula ya turubai yenye matundu mawili ya miguu,
na uso kama wa saa isiyojua saa, inajua kilo tu.
Watoto wananing'inia, wanalia, wanakojoa,
nami nafuata sindano, naandika kwenye fishi.
Saba na nusu.
Sita na gramu mia mbili.
Huyu kaongezeka, na mama yake anapiga vigelegele
kana kwamba nimempa shamba.

Kisha utepe. Unazunguka mkono mdogo juu ya kiwiko.
Kijani: rudi nyumbani, usaga sambaza kwenye uji.
Njano: tuonane wiki ijayo, usikose.
Nyekundu: twende kituoni sasa hivi,
usimngoje baba, usingoje hela ya pikipiki, lete, nitabeba mimi.
Miaka kumi na mmoja nabeba.
Ngazi mia mbili na nane, nazijua kwa magoti.

Wiki ile mtoto wa M'Cishugi hakuletwa na mama.
Aliletwa na kaka yake, Akonkwa, miaka kumi na minne,
kamfunga mgongoni kwa kitenge, fundo la kike, imara.
Hakuna aliyecheka. Mama yao yuko soko la Kadutu na beseni lake.
Nyumba yao ya kwanza iliondoka na mlima, usiku, Aprili,
ikaondoka na baba, na madaftari,
na Ashuza, aliyekuwa wa katikati.

Mtoto: kijani.
Kijani cha lengalenga iliyonyeshewa.
Nikasema, "Akonkwa, umelea."
Hakujibu. Aliuokota utepe mezani
akauzungusha, si mkononi, kichwani,
juu ya nyusi, akaubana kwa kidole gumba.
Haukufika. Lilibaki pengo la vidole vinne.
"Mama Reko," akasema, "hapa unasoma rangi gani?"

Haki ya Mungu nilitaka kucheka.
Nilitaka kusema utepe ni wa walio chini ya miaka mitano,
ndivyo tulivyofundishwa, siku tatu, na soda, na cheti.
Lakini alikuwa na macho ya mtu anayesikiliza paa.

Kumbe ndiyo kazi yake. Anasikiliza paa hata kiangazi.
Anahesabu pumzi za mdogo wake mpaka jogoo,
akikosea anaanza upya, moja.
Darasani kalamu inamwanguka, mwalimu anamwita mvivu.
Hayo aliyasema akiutazama udongo wa mteremko,
taratibu, kama mtu anayepima kama utamshika.

Sina sindano ya hilo. Sina kidonge.
Nilikuwa na benchi, na nusu ya muhogo wangu.
Nikamwambia kaa.
Nikakosea pia: nikamwambia "jikaze, wewe ni mwanaume,"
nikaona uso ukifungwa kama duka.
Wiki iliyofuata nilimwomba msamaha mbele ya mizani.
Sijui kama mtu mzima aliwahi kumwomba.

Siku hizi, mizani ikishushwa, waliobeba wadogo wao wanabaki.
Walianza watatu. Jana walikuwa tisa,
Nabintu asiyesema neno tangu Januari, na wale mapacha wa Funu wenye ngumi.
Wanacheza mawe. Wanagombana. Mmoja anaanza,
"usiku mimi huwa..." na mwingine, bila kuinua macho, "hata mimi."
Mwuguzi wa kituo huja Alhamisi ya kwanza, viatu mkononi, tope magotini,
anakaa chini pamoja nao, na anaposikiliza haandiki.

Mvua bado inanyesha Bukavu. Mlima haujaahidi kitu.
Lakini leo asubuhi Akonkwa alinivuta kando,
akanong'ona kwa aibu, kama mtu aliyeiba:
"Jana nililala. Wote. Mpaka kukacha."

Kwenye fishi hakuna safu ya hilo.
Nimechora yangu pembeni, kwa bik, bila rula,
imepinda.
Nimeandika: Akonkwa, usiku mmoja.