Wa Ndani na wa Nje

Vijiti viwili, mama mmoja.
Mhina alivikata uani kwa posta
kwa wembe wa kunyolea, siku ya kupokea pensheni,
akavifunga kwenye gazeti lililolowa,
akaja navyo mpaka Barabara ya Kumi na Nne
kwa mwendo wa mtu aliyebeba vifaranga.

Kimoja tukakipa chungu, sebuleni, jirani na dirisha.
Cha pili akakichomeka nje, ubavuni mwa karo.
"Kitatupa kivuli," akasema. Nami nikasema, haya.
Haya yangu ile bado nailipia.

Mti wa ndani ulikuwa na deko.
Niliusogeza hatua tatu kupisha kochi,
ukasusa.
Majani arobaini usiku mmoja, mabichi,
hayana hata doa,
kama mtoto aliyegoma kula akamwaga sahani.
Nikaongeza maji, ukazidi.
Nikaongeza tena, udongo ukaanza kunuka.
Akaja Mwajabu, auzaye miche Mikanjuni,
akazamisha kidole chunguni mpaka pingili ya pili:
"Dada, unamzamisha mwenzio. Maji si mapenzi.
Kidole kikitoka kikavu, mpe.
Kikitoka na unyevu, mwache,
hata akikutazama vipi."

Nikajifunza kuacha.
Kila Alhamisi naupangusa, jani baada ya jani,
kwa kipande cha kanga iliyofutika maneno,
nao unatema vumbi la saruji la Pongwe.
Vidugamba nikavisugua kwa povu la sabuni ya mche.
Miezi mitatu, kimya.
Kisha ncha moja, ya kijani cha ndimu changa,
imejikunja kama risiti.

Mti wa nje sikuwahi kuutia kidole.
Ulikunywa maji ya kufulia, ukala mchanga na chumvi,
ukapita dirisha, ukapita bati.
Kunguru wakajenga kwa waya na nyuzi za mkonge,
popo wakala vitini vyake, vidogo kama shanga,
wakatupaka ukuta mzima.
Mhina aliupunguza kwa mkasi wa cherehani
ili uwe mviringo.
Haukuwa mviringo hata siku moja.

Mwaka aliofariki nilitoka alfajiri kuutazama.
Haukudondosha jani.
Yule wa ndani alililia kochi,
huyu hakumlilia aliyempanda.
Niliukasirikia mpaka mfungo ukaingia.

Juzi choo kikagoma.
Fundi Semkiwa akafunua karo, akacheka peke yake.
Mizizi imejaa mle, imejisuka yenyewe,
myeupe, minene, imeshiba
siri zetu za miaka kumi na tisa.
Ukuta wa jirani una ufa unaomeza kiganja.
"Mama," akasema, "mti huu haukuwa na shida ya maji."

Msumeno ukaanza saa mbili asubuhi.
Maziwa yakachuruzika, yakamnata Semkiwa vidole,
akawa anaomba mafuta ya taa.
Mimi nilikuwa nachagua matawi.
Ncha saba, urefu wa shubiri,
nikaziloweka mpaka maziwa yakakatika,
nikazichomeka kwenye makopo ya rangi
yaliyotobolewa kwa msumari:
nusu mchanga, nusu samadi kavu ya mbuzi.
Tano nimeshauza, elfu nane nane.
Mnunuzi akiniuliza, huu wa ndani au wa nje,
namuuliza kwanza karo lake liko wapi.

Ila kuna hili.
Siku ya pili jua liliingia sebuleni,
zima, bila hodi,
likakuta kochi limechakaa kuliko nilivyojua,
likaupiga mti wa chungu usoni.
Jioni nikaokota majani kumi na mawili,
mabichi, hayana hata doa.

Nikatia kidole.
Pingili ya kwanza, kavu.
Ya pili ina ubaridi kidogo.

Nikafunga pazia nusu,
nikauacha.