Uzi Mweupe

Kopo la kwanza, kopo la pili, sawa kwa sawa:
mililita tatu kwa tatu, kwa bomba la sindano
alilonipa Sista Ntakije wa wodi ya watoto,
mwenye ufito wake huu.
"Halijatumika," alisema, akacheka peke yake.

Nakoroga polepole, kama uji wa mgonjwa.
Ukikoroga kwa hasira unaingiza hewa,
na hewa ikishaingia ina ukaidi wa mgeni wa Ijumaa:
inakaa. Mapovu madogo, macho ya dagaa,
yanakutazama hadi vanishi ikauke,
na baada ya hapo yanakutazama miaka yote.
Kwa hiyo nayapitishia mwali wa kiberiti, kwa mbali,
yanapasuka bila sauti.

Pete saba. Ya chini kubwa, kikombe cha kahawa kinapita;
ya juu kabisa, labda shanga.
Kila mguu wa pete nimeufunga kwa uzi
wa cherehani ya mke wangu, mzunguko kwa mzunguko,
bega kwa bega, hakuna uliompanda mwenzake.
Siku mbili na nusu, na shingo yangu inajua.
Bluu pembeni, mweupe katikati.
"Mweupe kama sare yangu," alitaka Sista.
Nikamwambia mweupe unachafuka.
Jambo lingine sikumwambia, maana sikulijua.

Nikachovya brashi.
Bluu ikanywa, ikashiba, ikawa bluu ya ziwa
kule mbele ya Bangwe ambako kamba ya nanga haifiki chini.
Halafu nikafika kwenye mweupe,
na mweupe ukaondoka.
Uzi upo, brashi inauhisi,
ila weupe wake umeyeyuka kama sukari kwenye chai,
na chini yake, juu ya ufito mtupu, penseli yangu:
41, imekatwa.
43, imekatwa.
42 na nusu.
Na pembeni, kwa mwandiko wa Gwimo, mwanafunzi wangu,
herufi zimeinama kama mtu anayenong'ona:
*hapa fundi alikosea.*

Nilimtazama. Alitazama dari.
Dari yenyewe ni bati.

Ndipo umeme ukakatika Kibirizi nzima.

Tuna kijimota, tulikitoa kwenye redio kaseti mbovu,
kazi yake kuugeuza ufito usiku kucha, pole pole.
Kikasimama. Na vanishi ikisimama inashuka,
inaota kitambi upande wa chini.
Basi mkono. Geuza robo, hesabu kumi.
Geuza robo, hesabu kumi.
Mimi hadi saa sita, Gwimo hadi saa nane, mimi tena.
Mvua ya kwanza ya Oktoba ilikuwa imenyesha mchana,
kwa hiyo kumbikumbi wakaja kwenye kibatari
kama walioalikwa. Tukatundika chandarua,
tukaingia ndani yake, watu wawili na ufito mmoja.
Habari ya penseli hakuna aliyeigusa.
Alfajiri vanishi ilishika, ngumu, iking'aa,
na karibu na pete ya nne kulikuwa na bawa.
Moja tu. Mwenye bawa hakuonekana.

Sista akaja akitoka zamu ya usiku,
macho yake mekundu kama yetu.
Akausogeza ufito mlangoni kwenye mwanga.
Akasoma. Akasoma tena.
Akapitisha ukucha juu ya maandishi,
ukateleza, kama juu ya kioo.

"Mweupe wangu uko wapi?"
"Upo. Hauonekani."
"Na sahihi ni ipi hapa?"
"Arobaini na mbili na nusu."

Akaegemeza ncha kwenye fremu ya mlango, akaukunja.
Ufito ukapinda wote, toka mkononi hadi kwenye shanga,
bila kusita popote, wala pale penye makosa yangu.
Akauachia. Ukarudi.
Akahesabu noti juu ya meza, kamili,
na bawa hakuliuliza.

Nje, Gwimo alikuwa akiosha brashi,
akiisugua kwa mafuta ya taa, kwa bidii kubwa,
brashi iliyokwisha kuwa jiwe tangu usiku.