Nyuzi Tatu, Dakika Kumi na Saba

Fundi Mgonja huchonga kwa hesabu.
Elfu mbili kila herufi; nukta, alisema, ni bure.
"Kazaliwa wapi marehemu?" akauliza, penseli sikioni,
na sisi pale Kiboriloni, wajukuu saba wa mtu mmoja,
tukatazamana kama tulioulizwa bei ya mwezi.

Bibi Ndeonasia alikuwa akisema Marasheni.
"Kule kwetu Marasheni," na mkono unapanda,
kidole kinaruka mabati ya Rau, kinaruka migomba,
kisha anaulizia ugoro wake, mazungumzo yameisha.
Hakuna aliyekifuata kidole kile kingali na damu.

Ramani ya simu haikupajua.
Ilinipeleka kwenye duka la manukato, karibu na stendi.
Mtendaji wa kata hakupajua, akaomba nimwandikie barua.
Nikaishia kwa Bwana Temba, mtunza nyaraka,
chumba cha nyuma ya kiwanda cha uchapaji.
Nikakitaja kitabu kwa jina la wataalamu
akaniletea gazeti la juzi.
"Siyo hilo. Cha majina. Kila kilima, kila kijito, a mpaka z."
"Aa," akasema, "kile cha kuinamia."

Vilikuwa viwili.
Cha Mjerumani, mende wamekula pembe zake,
na cha Mwingereza, kimefungwa kamba ya kiatu.

Kukisoma ni kuazima sikio la mgeni.
Sh moja anaiandika kwa herufi tatu.
W yake ni v. R yetu, ile ya ncha ya ulimi,
yeye kaisikia l, na nani angemsahihisha?
Nikaacha kutafuta kwa macho.
Nikasoma kwa sauti, polepole, kama karani mwenye homa
anayemsimamisha njiani mtu aliyebeba majani ya ng'ombe
na mtu huyo anajibu bila kusimama.
Malascheni.
Limevaa koti lisilo lake, lakini mwendo ni ule ule.
Mbele yake: nyuzi tatu, dakika kumi na saba, kusini,
na herufi ndogo moja ambayo ufunguo, ukurasa wa nyuma,
unasema maana yake ni maji.

Maji. Wala si kijiji.

Kwa Mwingereza lipo pia, limekatwa mkia: Marashi.
Huyo alikuwa na haraka, au alikuwa na pua.

Dakika moja ya kitabu ni karibu kilomita mbili.
Dakika hiyo moja, kwa miguu, kwenye utelezi wa mvua ya jana,
ilinila asubuhi nzima.
Nikazunguka humo: shule, kanisa, kihamba kilichouzwa,
ghorofa linalofunguliwa Desemba tu,
mfongo mkavu wenye chupa za plastiki na mzizi mmoja mnene.
Mama mwenye mundu akaniuliza nimepoteza nini.
Nikasema Malascheni. Akatikisa kichwa.
Nikasema Marashi. Akacheka.
Nikainua mkono kama bibi, nikakiacha kidole kipande.

"Marasheni!" Akaweka mundu chini.
"Hapa hapa maji yalipogawanywa. Watu wa Marasheni
ndio waliokuwa na zamu ya mwisho.
Yaliwafikia usiku, wenzao wamelala."

Sikumjibu.
Nilikuwa jikoni kwetu, saa nane za usiku,
nasikia ndoo ikijaa,
na bomba lilikuwemo ndani ya nyumba miaka kumi na mitano,
na halikuwahi kukatika.

"Marashi ni herufi saba," alisema Fundi Mgonja,
"na jina linanukia vizuri. Hili la Mjerumani ni kumi."
Nikamwandikia kwa mkono wangu, tisa, r mbele ya macho yake.
Elfu kumi na nane.
Binamu Elifuraha alitoa kumi na saba,
moja akasema ataituma kwa simu.
Hajaituma.
Jiwe limesimama, jina linasomeka vizuri hata jioni,
isipokuwa i ya mwisho:
nukta yake, ile ya bure,
fundi bado hajaichonga.